Kumrudisha Mwalimu Nyuma

Vyuo vilipofungwa kwa corona, mwalimu wetu wa ushonaji hapa Likoni alihamia ndani ya simu yangu. Kila alasiri alituma sauti. Mimi natandika mkeka, simu naiweka kifuani, macho darini, nasikiliza. Nyuma ya sauti yake, huko kwao, mtu akuna nazi, kwaru, kwaru, naye mwalimu asema, "Mkono wa blauzi una mbele na nyuma." Sauti ile ilinichukua taratibu kama usingizi wa mchana wa Ramadhani. Nikisinzia naona mikono ya blauzi inaelea chumbani bila watu, inatafuta mabega. Nikishtuka, narudisha nyuma. Mwalimu anasema tena, kwa upole uleule. Mara saba, mara nane. Siku moja alinitaja jina, nikaitika "Abee!" peke yangu, mamangu akaja kunishika paji la uso.

Basi chuo kikafunguliwa. Nilikuwa nishasahau kwamba mwalimu ana miguu. Simu zetu zote zikatiwa kapuni mlangoni, naye akafundisha kutia mkono mara moja tu, mbiombio. Mimi nimeishia darasa la nane, kalamu yangu haina haraka. Nikiandika "bega", yeye keshafika kwapani. Nilipouliza mara ya pili alinikata jicho.

Na mtihani ulikuwa wiki ya pili yake: blauzi yenye mikono. Asiyeweza anabaki kushona mapazia, wenziwe wanaingia magauni ya harusi. Nilikuwa nishatia mikono mitatu, yote imekunjamana begani kama uso wa mtu aliyelamba ndimu.

Nikamwendea mbele ya darasa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wataka nini, we mtoto? Ukinisalimia vizuri hivyo najua pana jambo."

"Nataka ile sauti yako."

"Si hii nasema nawe?"

"Hii haina pa kubonyeza. Ile ya simuni nilikuwa nakurudisha nyuma mara nane na hukasiriki. Wallahi, mle ndani ulikuwa na adabu sana."

Darasa likaangua kicheko. Mimi nikajua hapa nimejimaliza.

"Simu hiyohiyo," akasema, "ndiyo iliyowafanya nyote mtie mashati ya kiume vifungo upande wa kike."

Kweli. Alikuwa amejipiga video kwa kamera ya mbele, ikageuza kulia kuwa kushoto, nasi tukafuata vilevile. Babangu alilivaa shati lile harusini, vidole vikihangaika tumboni mpaka biriani ikapoa.

"Hiyo ni picha, mwalimu. Picha tuiache. Sauti haina kulia wala kushoto."

Mwalimu akaichukua mikono yangu mitatu, akaipapasa mmoja mmoja kama apapasaye mgonjwa.

"Nenda kapuni, lete simu yako."

Akaiweka mezani kando ya kitambaa, akabonyeza mwenyewe inase sauti, akaanza upya, polepole: "Anzia begani, teremka kwapani. Usiuvute. Ubembeleze."

Nyumbani nikaifungua sauti hiyo, cherehani liko dirishani, upepo unapandisha pazia na kulishusha. Nilisikia mashine za wenzangu, mkasi ukianguka, mtu akicheka. Somo likaisha, lakini sauti haikuisha, maana mwalimu alisahau kuizima. Akawa anamwambia mtu, chinichini, "Huyu mtoto ana mdomo. Lakini nami nilipofundishwa kutia mkono sikuelewa, na nikaogopa kuuliza. Nililia chooni."

Nikaikuta sindano imesimama katikati ya kitambaa. Kisha nikaanzia begani.

Siku ya mtihani mwalimu alipitisha kiganja juu ya blauzi yangu, bega hili, bega lile. Hakukuta kunyanzi. Akanitazama, akajizuia kucheka.

"Kesho uje na kitambaa cha gauni," akasema. "Na hiyo simu, ije na chaji."