Makato Niliyoyakimbia Mpakani

Siku niliyojiona mjanja kuliko watu wote wa Busia naikumbuka vizuri, mwanangu, na nakuomba usinicheke kabla sijafika mwisho. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimetoka Masinya na kandambili zangu, nikapata kazi katika ghala la mahindi na maharagwe karibu na mpaka, upande wetu wa Uganda. Kazi yetu wanawake ilikuwa kupeta na kuchambua: mawe huku, mbovu huku, nzuri kwenye gunia. Mgongo uliuma, lakini nilikuwa na raha ya mtu anayenunua sabuni yake mwenyewe.

Kisha bosi akatuandikisha rasmi, na mshahara wa mwezi ule ukaja umepungua. Kodi imekatwa, akiba ya uzeeni imekatwa. Nilinuna kama ulivyonuna wewe juzi uliponionyesha ile orodha ya makato kwenye simu yako. Uzeeni? Nani alikuwa na habari na uzee? Nilikuwa na meno yote kinywani!

Sasa, sisi watu wa mpakani tuna ugonjwa wetu. Kila mtu ana shangazi upande wa pili. Huku wakikubana, unavuka unakuwa mtu wa kule. Kule wakikubana, unarudi nyumbani unapiga chafya bila woga. Pale ghalani walikuwapo vibarua waliovuka asubuhi kutoka Kenya, wakalipwa jioni mkononi, majina yao hayaandikwi popote. Nikaona dawa ndiyo hiyo. Nikamshawishi rafiki yangu Nekesa, niliyekuwa nikipeta naye ungo kwa ungo, na wenzetu wengine wanne. Tukaenda kwa bosi, mimi nikiwa msemaji.

"Bosi, sisi nyumbani yetu iko ng'ambo," nikamwambia. "Utuandike vibarua. Pesa yetu utupe yote kwa mukono."

Nilidhani atabisha. Alicheka, akafuta majina yetu saa ile ile, akatuagizia na soda. Mwanangu, mwajiri akikubali haraka namna hiyo, jiulize anafurahia nini. Mimi sikujiuliza. Cha mlevi huliwa na mgema, nami nilikuwa nimelewa ujanja wangu mwenyewe.

Aliyekataa kufutwa alikuwa mmoja tu, Mzee Ochwo wa Kiyeyi, mshona magunia wetu. Tulimtania, tukamwita Mtoto wa Serikali. Hakukasirika. Siku moja aliniita, sindano yake ikiwa imechomekwa guniani.

"Wewe mutoto, ile akiba, wewe naweka kidogo, bosi naongeza yake juu. Sasa umemwambia asiongeze. Nani mujanja hapo?"

"Mzee, mimi nataka pesa ya leo."

"Sawa. Lakini kama hauko kwa kitabu, hauko kwa kazi."

Nilimwona mzee aliyechoka, basi. Na kweli, miezi ile tulifurahi. Mimi nilinunua kitenge, Nekesa akanunua kuku wa kufuga, na kila tulipompita Mzee Ochwo tulimsalimu kwa heshima ya kejeli.

Asubuhi moja rundo la magunia likaporomoka, likamwangukia Nekesa nyongani. Ukelele alioupiga nausikia mpaka leo. Tulimlaza kwenye mkokoteni tukamsukuma hadi hospitali, na daktari akasema mfupa umevunjika, apasuliwe upesi, la sivyo hatatembea tena. Nekesa alikuwa mjane mwenye watoto wawili wadogo. Nikakimbia kurudi kwa bosi, kwa maana hata mimi nilijua kwamba sheria humtaka mwajiri amtibu mtu aliyeumia kazini kwake.

Bosi hakuinua hata macho. "Yule si mufanyakazi yangu. Ni kibarua ya Kenya, mulisema wenyewe. Mimi simujui."

Simjui! Mwanamke aliyempetea maharagwe miaka miwili! Na maneno yale nilimfundisha mimi. Mchuma janga hula na wa kwao. Mimi ndiye niliyelichuma, Nekesa ndiye aliyekuwa akilia kitandani. Nilijificha nyuma ya ghala nikalia kwa aibu, aibu ambayo hata sasa ikinijia najisikia vibaya.

Mzee Ochwo alinikuta pale. Pole hakunipa.

"Kulia haifungi mufupa," akasema. "Ulisema uongo kwa mudomo, sasa kwenda useme ukweli kwa mudomo ile ile. Mimi nakuja na wewe."

Tukaenda kwa afisa wa kazi wa wilaya. Nilijua nakwenda kujishtaki. Nikamweleza kwamba sisi sote ni wa hapa, kwamba mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu kudanganya, na Nekesa kosa lake ni kunisikiliza tu. Mzee Ochwo akashuhudia. Afisa alipofika ghalani aliyaona majina yetu kitabuni, yamepigwa mstari lakini yanasomeka. Bosi akagharamia matibabu, akawarudisha wenzangu kwenye orodha. Mimi alinionyesha mlango, na sijawahi kufukuzwa mahali nikatoka na moyo mwepesi kama siku ile.

Nekesa alipasuliwa, akasimama tena. Hadi leo anachechemea, lakini sokoni anafika kabla yangu. Nilimwomba msamaha mbele ya watoto wake.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini maji utanichotea wewe mpaka nipone."

Nikachota, mwanangu, masika na kiangazi.

Baadaye nilipata kazi katika ghala jingine kule Tororo, nikadai jina langu liandikwe kabla sijashika ungo. Nilikatwa miaka mingi, nikinung'unika kila mwezi kama kawaida ya binadamu. Umri ulipotimia, akiba ikaja pamoja na ile sehemu ya mwajiri, nikaezeka nyumba kwa mabati, nikanunua ng'ombe wa maziwa. Akiba haiozi. Naridhika, nakuambia wazi, kila asubuhi ninapokamua.

Sikuambii kwamba makato hayaumi. Yanauma, na yakizidi, mwenye mshahara mdogo huacha kununua nyama, mwenye bucha naye humwachisha kazi msaidizi wake, na tajiri huogopa kuajiri. Wanaopanga kodi wakumbuke hilo, na ninyi vijana muwakumbushe bila woga. Lakini tazama na upande wa pili: tajiri anayewaficha watu wake huuza mahindi kwa bei ya chini kuliko jirani yake mwaminifu, na jirani akiona biashara inakufa, naye ataanza kufuta majina. Mwisho soko zima linajaa wafanyakazi wasiojulikana na mtu. Na dawa za zahanati ya Buteba, na mwalimu wa mtoto wako, hulipwa kwa hicho hicho tunachokikimbia. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kwa hiyo usikubali kufutwa jina kwa ajili ya kitenge na soda. Isome hiyo orodha mstari kwa mstari. Hakikisha kilichokatwa kimefika kinakopaswa kufika, maana wapo waajiri wanaokata halafu wanatia mfukoni mwao. Na ukishakatwa, uliza: dawa ziko wapi, barabara iko wapi? Kuuliza ni haki yako. Aliyejificha atauliza kwa jina la nani?

Mungu akupe kazi ya halali na mgongo wa kuiweza, mwanangu. Akufikishe uzeeni ukiwa na maziwa kikombeni na marafiki waliokusamehe. Na siku utakayoanguka, kwa kuwa kila mtu huanguka, asikosekane wa kusimama mbele ya watu na kusema: huyu namjua, huyu ni wetu.