Kwa Nini Msolela Hakubatizwa

Matimbwa wa Lupiro alipopewa maji ya dawa ili risasi za Wajerumani zisimdhuru, alikatazwa kulala na mkewe, Msolela, mpaka vita viishe. Siku ya kuagana, Msolela alimng'ang'ania akilia, naye akashindwa kumkatalia. Matimbwa aliuawa kwa risasi Mahenge.

Wajane wenzake walisema maji yale yalikuwa uongo. Msolela aliamini yalikuwa kweli, ila yeye ndiye aliyeyaharibu.

Miaka ilipita. Bintiye Digna, aliyekwisha kubatizwa, alimbembeleza: "Mama, padri atakumwagia maji, dhambi zote zitoke."

"Na hayo nikiyaharibu, atakufa nani? Wewe una mimba."

"Mama, Mungu si mganga!"

"Mganga naye hakukosea, mwanangu."

Kila Jumapili alimsindikiza Digna kanisani, akabaki nje juani, midomo ikifuatisha sala ambazo alizijua zote kwa moyo.