Pole Niliyokatazwa Kusema

Mtu akianguka mbele yako unamwambia pole. Hilo sikufundishwa shuleni, maana shule yenyewe niliishia darasa la nne; nilizaliwa nikalikuta. Awe adui yako, awe mlevi aliyejiangusha mwenyewe, pole inatangulia, mengine baadaye. Sasa nenda ukakae mahali ambapo mjukuu wako anaanguka mara ishirini kwa asubuhi moja, na umeambiwa ufunge mdomo.

Huyu mjukuu wangu ana miaka kumi na anateleza kwenye barafu. Si kuteleza kwa kitoto, anashindana. Hapa Germantown, ughaibuni, siku yetu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Binti yangu anatuendesha hadi kwenye jumba la barafu, mtoto anafanya mazoezi, kisha tunapakiwa tena: mtoto shule, mimi nyumbani, binti kazini Sterling, ng'ambo ya mto. Kazi yangu mimi ni kukaza kamba za vile viatu vya kutelezea, maana mikono iliyotwanga kinuni haijasahau nguvu, halafu nakaa kwenye benchi la bati na blanketi langu.

Watoto wote wa mazoezi ya asubuhi nawajua kwa majina, na mama zao, na mbwa wa mmoja wao. Asiyezoea daftari anaweka kila kitu kichwani. Ila hapa sitamtaja hata mmoja, wasije wakasema bibi yule mwenye blanketi ametuandika.

Mwaka mzima ulikuwa wa mruko mmoja tu. Miruko mingine wanaianza kinyumenyume. Huu peke yake unauanza ukitazama mbele, unazunguka hewani mara moja na nusu, unatua kwa mguu mmoja huku unarudi nyuma. Wenzake walishaujaribu mbele za watu, wakapandishwa daraja. Yeye alibaki na watoto wa miaka saba, amewazidi kichwa kizima. Mwalimu wake akamwambia: kwenye mashindano ya mwezi wa pili, ujaribu mruko wako, na hata ukianguka, umalize wimbo bila kusimama. Ukisimama, unarudia mwaka.

Kuanguka hakukuwa tatizo. Tatizo nilikuwa mimi.

Akianguka nasema, "Pole, mke mwenzangu." Nasema kwa sauti, kwa sababu uwanja ni mpana na muziki unapigwa. Naye ana adabu, nimemlea mwenyewe. Ataacha kila kitu, atanyanyua kichwa akiwa bado amekaa kwenye barafu, ataniitikia, "Asante, Bibi." Hapo muziki umeshamwacha.

Siku moja mwalimu akaja hadi kwenye benchi akaongea na binti yangu kwa muda mrefu, akitabasamu. Nikajua nasemwa.

"Mama, mwalimu anaomba usimpe mtoto pole."

"Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu."

"Anaangukia makalio, nimtazame tu kama mpita njia?"

"Mama, anaanguka ili ajifunze."

"Basi nitampa pole ya kujifunza."

Mwalimu akauliza nimesema nini. Binti yangu akamjibu kwamba nimekubali. Sikuwa nimekubali.

Kwenye gari nikamgeukia mtoto. "Kwani ukinyamaza si basi? Nani amekwambia uitikie?"

"Wewe, Bibi. Nisipoitikia una-get mad." Akatazama dirishani. "Na unani-embarrass."

Neno hilo la mwisho binti yangu hakunitafsiria, na sikuhitaji.

Nikajaribu. Nilitafuna ncha ya mtandio mpaka ikatoka nyuzi. Siku ya tatu ikaniponyoka, pole kubwa, watoto watatu wakageuka. Wakanihamishia ghorofani, nyuma ya kioo, kwenye viti vya wanywa kahawa. Huko nikawa nakipa pole kioo. Bwana mmoja alihama kiti.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba huyo mwalimu naye hakuwa na neno lolote jema la kuweka mahali pa pole yangu. Neno lake lilikuwa moja: tena. Mtoto ameumia kiuno, tena. Ameanguka akajikunja kama mkeka, tena. Nilimchukia yule mama kwa dhati, miezi mitatu, na kila asubuhi alinisalimia vizuri.

Mashindano yalikuwa upande wa Springfield. Walinikalisha safu ya mbele, labda kwa heshima ya mvi. Mjukuu akaingia na gauni la bluu, wimbo ukaanza, akazunguka vizuri, akaja na kasi mbele yangu kabisa, akaruka. Akaanguka, na kishindo kikanifika kwenye benchi.

Nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Aligeuza kichwa kidogo kunitafuta, nikamwona ananiona, nikabana zaidi mpaka meno yakauma. Akainuka. Muziki ulikuwa umemtangulia hatua chache tu, akaukimbilia, akaushika, akamaliza nao akiwa amenyoosha mikono. Akatoka wa sita. Mwalimu akamwambia daraja amepanda, kisha akaja kunishika bega. Nilimwacha alishike.

Nilidhani ningefurahi. Lakini ile pole ilikuwa bado imenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nje theluji ya juzi yake ilikuwa imegeuka barafu kwenye maegesho. Mtoto alitangulia na begi lake la magurudumu, amevaa viatu vya kawaida, akateleza, akakaa chini puu. Na mimi, nilivyokwisha kufundishwa, nikasimama pale mkono mdomoni, kimya.

Hakuinuka. Alikaa tu ananitazama, midomo inaanza kutetemeka, mtoto ambaye ndani kule hakutoa hata chozi.

"Bibi," akasema, kwa Kiswahili safi. "Hata hapa?"

Nikaisema. Niliisema mara tatu, nimeinama pale chini na magoti yangu haya. Ya tatu ilimpata mwalimu, aliyekuwa anapita na mkoba wake, akaitikia kwa kichwa na kwenda zake, bila kujua amepewa pole ya nini.