Mama Pasi, Mkia wa Msafara

Jina lake ni Mama Pasi, na mwenye haraka aketi kwanza, maana jina hilo lina mengi nyuma yake. Ni mtoto wa kwanza wa mfua vyuma na mshona magodoro. Ndiye aliyenyoosha mashuka ya hospitali tangu pasi zikiwa za mkaa mpaka zikawa za umeme. Ndiye aliyemfungia msimamizi nje ya chumba cha kufulia, akamwacha agonge mpaka alipokubali tutobolewe madirisha. Alizika mume, akalea watoto, wala hakuna jirani aliyemsikia akigonga mlango kuomba chumvi. Na ni dada yangu, tumbo moja, kwa hiyo ukitafuta mtu wa kumsengenya naye, mimi usinijie.

Kila msimu wa baridi boila za kuchemshia maji ya kufulia huzimwa zisafishwe. Siku hiyo sisi wanawake wa kufulia, wastaafu na walio kazini, tunakodi basi kwenda mjini. Tunaingia makumbusho, kisha tunatembea kando ya mto mpaka daraja la chuma, ambako basi linatungoja. Msafara wetu una desturi yake. Anayetembea wa mwisho tunamwita mkia. Hujifunga kitambaa chekundu kichwani na kubeba filimbi. Wa mbele akitaka kujua kama watu wametimia, hahesabu vichwa. Anageuka tu, na akikiona chekundu, anajua hakuna aliyebaki. Mkia alikuwa dada tangu tulipoanza safari hizi.

Mwaka huu, asubuhi ndani ya basi, mwenyekiti wetu alisimama. Ana maneno laini kama sabuni, na kama sabuni, hayashikiki.

"Dada, magoti yako tunayajua. Leo utapumzika kwenye mkahawa wa makumbusho, unywe chai, basi lije likupitie. Kitambaa atafunga binti yako."

"Magoti yangu yamekuja kwako kulalamika?"

Basi zima likaangua kicheko. Binti yake, kitinda mimba, mpiga pasi kama mama yake, hakucheka.

"Mama, njia ya mtoni inateleza. Ukianguka je?"

"Nitainuka. Wewe nilipokufundisha kutembea, hukuanguka?"

Lakini mwenyekiti alikwisha kunyoosha mkono. Dada akakifungua kitambaa, akakikunja pembe kwa pembe kama foronya, akakitoa. Filimbi hakuitoa. Niliiona ikidumbukia mfukoni mwa koti lake, nami nikageuka kutazama dirishani.

Makumbusho ni makumbusho: viti vya matajiri waliokufa, saa zisizotembea. Mbele ya kitanda cha kifalme mwenzetu mmoja akauliza, "Na haya mashuka, aliyafua malkia mwenyewe?" Tukacheka mpaka mlinzi akakohoa. Katika chumba cha saa, dada aliketi kwenye benchi akaze bendeji ya goti. Msafara ukatoka. Mimi nilikuwa mbele. Mlangoni niligeuka, nikaona chekundu, nikasema twendeni. Mwenyekiti akageuka, akaona chekundu. Binti alidhani mama yake ameshaingia mkahawani. Miaka yote macho yetu yalizoea kuishia kwenye kile kitambaa, kwa kuwa nyuma ya mkia hapakuwahi kuwa na mtu.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Mlinzi alimwendea, akamwambia, "Bibi, wenzako wameondoka. Kaa hapa nikuletee kiti cha magurudumu, tuwapigie simu waje wakuchukue."

"Mwanangu, kinachochukuliwa ni mzigo. Nionyeshe mlango wa kwenda mtoni."

Sisi tulikuwa tumekaribia daraja, pumzi zikitutoka kama moshi wa pasi, tuliposikia filimbi. Mlio mmoja mrefu maana yake ni simameni. Miguu yetu ilisimama kabla ya akili. Tukageuka. Chekundu kilikuwa mahali pake, na chini yake binti kaachama, maana filimbi ililia nyuma yake. Mbali kule, katika ukungu, koti jeusi la marehemu shemeji yangu lilikuja taratibu, mkono mmoja juu ya ukuta wa mto.

"Mtu akimbie akamlete!" mwenyekiti akapiga kelele.

"Asiende mtu," nikasema. "Mwendo wa msafara ni mwendo wa mkia. Au umesahau, mwenyekiti?"

Binti alikwisha kutimua mbio. Alipofika alinyoosha mkono. Dada akaupita ule mkono kama mtu anayepita nguzo ya taa. Tukangoja. Baridi ilitung'ata masikio, mwenyekiti akawa anarukaruka kama jogoo kwenye bati la moto, na hakuna aliyethubutu kusogea.

Akafika. "Mmefika wote?"

"Tumefika, dada," mwenyekiti akajibu.

"Uongo. Sasa ndiyo mmefika." Akamgeukia binti. "Kitambaa."

Akajifunga mwenyewe.

"Dada, dereva anangoja..." mwenyekiti akaanza.

"Dereva ana kiti. Angoje."

Tukavuka daraja kwa mwendo wake, hatua kwa hatua, wote mbele na yeye nyuma. Mlangoni mwa basi akakivua kitambaa, akamfunga binti yake kichwani, akakaza fundo mpaka mtoto wa watu akakunja uso. Kisha akamvika filimbi shingoni.

"Asubuhi ulipewa na watu walioninyang'anya. Sasa nakupa mimi. Baridi ijayo mimi nitatembea mbele yako, polepole nipendavyo, na ole wako unisukume."

"Ndiyo, mama."

"Na usitoke mahali popote kabla hujageuka kutazama nyuma yako mwenyewe. Haya, anza. Nenda kaangalie msalani hapo darajani, mwenyekiti simwoni."