Tepu Nyeusi ya Mzee Haibe

Kila asubuhi, baada ya swala na kabla ya chai, Haibe alikuwa akiondoa shuka jekundu lililofunika kompyuta yake, anafungua ubavu wa sanduku, kisha anaikanyaga pampu ya mguu aliyobaki nayo tangu enzi za lori. Upepo uliokusudiwa magurudumu ulipita kati ya waya, na vumbi jeupe likatoka. Kitengela ilikuwa ikijengwa kila upande mwaka ule wa 2004, na mawe ya machimboni yalifika ndani ya nyumba za watu kama unga kabla hayajafika kama kuta. Akimaliza alifunika tena, hata kama angeiwasha baada ya chai.

Kompyuta hiyo aliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, jinsi watu wa magari wanavyofufua injini. Madabodi, lile bamba pana ambalo kila kitu hupachikwa, lilitoka kwenye ofisi iliyofungwa. Kadi ya picha, inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini, ilitoka kwenye mashine nyingine kuukuu zaidi. Na kila sloti, yaani mfereji wa kupachikia kadi, isiyokuwa na kazi aliiziba kwa tepu nyeusi ya fundi umeme, vumbi lisipate pa kulala.

Zamani alibeba ng'ombe. Alipakia soko la Bisil, akashusha machinjioni, na wachungaji walimtambua kwa honi kabla hawajaliona lori. Kisha akaliuza, mwezi uleule binti yake Fosiya alipoingia chuo kikuu. Hakutoa sababu. Fosiya, ambaye hata kondakta aliona vigumu kumdai chenji, hakuuliza. Alijijibu mwenyewe kwamba lori lilikuwa limegeuka kuwa karo yake, na jibu hilo alikaa nalo miaka yote ya masomo, likimkaba hasa akifika nyumbani na kumkuta baba yake amekaa kibarazani, akisikiliza malori ya barabara ya Namanga yakibadilisha gia.

Ndiyo maana, alipohitimu, zawadi aliyomletea ilikuwa sidii ya mchezo wa malori. Aliona kama anarudisha kitu, japo kidogo.

Mchezo ulikataa. Skrini iliandika kwamba kadi ya picha haina kumbukumbu ya kutosha. Fosiya, aliyekuwa na tabia ya kununua majarida kuukuu ya kompyuta kwa wauzaji wa kando ya barabara Nairobi, alimweleza baba yake kwamba kadi hubadilishwa, ila haziingiliani zote. Kila aina ina sloti yake. Haibe hakuona ugumu wowote. Unapotafuta spea, alisema, unabeba ile ya zamani iwe sampuli. Alifungua skrubu, akaitoa kadi, akaifunga kwa kitambaa kama yai.

Maweu, mwenye saiba, kibanda cha intaneti na spea za kompyuta karibu na bucha, aliigeuzageuza akatikisa kichwa. Kadi za aina ile zilikuwa zinakwisha, na alizokuwa nazo zisingeuweza mchezo ule. Ili mchezo uchezeke, ilibidi kubadilisha madabodi, na ukibadilisha madabodi unabadilisha na prosesa, na kumbukumbu pia. Yaani kompyuta nyingine. Fosiya alitaka kuuliza kitu, hakujua hasa ni kipi, akashukuru wakatoka.

Njiani Haibe alisema haidhuru. Lakini kesho yake hakuikanyaga pampu. Shuka lilibaki juu ya sanduku, na yeye akaenda kibarazani kabla hata chai haijamiminwa. Fosiya aliona afadhali angelalamika.

Akaamua angalau airudishe kadi ya zamani mahali pake. Alipofungua ubavu alipaona pale Haibe alipoichomoa, sloti nyeupe katika safu ya nyeupe. Juu ya safu hiyo, karibu na feni, palikuwa na kipande cha tepu nyeusi kilichosogea nyuma kidogo, hakikulingana na vingine. Alikibandua kwa ukucha. Chini yake palikuwa na sloti ya kahawia, safi kana kwamba imetoka kiwandani jana. Picha yake alikuwa ameiona kwenye jarida. Ilitengenezwa kwa ajili ya kadi za picha peke yake.

Alimwita baba yake, akamwonyesha.

"Mbona uliiziba, Aabo?" aliuliza, akimwita baba kwa Kisomali.

"Haikuwa na kazi," Haibe alisema. "Hii kadi yangu haikutosha hapo, nikaiweka pale ilipotosha."

Safari hii waliamua kumpelekea Maweu sanduku zima. Haibe aliinama kulibeba, akafika katikati, akasimama hivyohivyo, mkono kiunoni, uso umekunjamana. Fosiya hakuwahi kumwona hivyo. Alingoja mpaka baba yake aliponyooka polepole, akalibeba yeye.

Maweu alichungulia ndani akacheka, akijicheka mwenyewe.

"Mzee, uliniletea mkia, na mimi nikakwambia ng'ombe mzima amekufa."

"Na wewe ukakubali kumpima ng'ombe kwa mkia?" Haibe akamjibu.

Maweu alitoa katoni ya kadi kuukuu. Ya kwanza iligoma, pengo la meno yake likiwa upande usiolingana na kizuizi cha sloti, na Maweu hakuilazimisha. Haibe aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Yeye pia hakuwahi kulazimisha nati isiyo ya bolti yake. Ya pili ilikuwa na mapengo pande zote mbili. Iliteleza, ikalia tik. Fosiya, kwa sauti ya chini, aliuliza kama pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, itaiweza. Maweu akasema kadi hiyo haina waya wake, inakula umeme kidogo inaopewa na madabodi. Wakawasha. Skrini ikajaa rangi.

Jioni hiyo lori liliondoka. Lilikuwa lori la Ulaya, barabara haina shimo, miti imesimama kama imepangwa na serikali. Haibe aliendesha kwa vidole viwili vya kibodi, lakini mkono wa kushoto uliteleza mara kwa mara kutafuta gia. Kila kona alipunguza mwendo mno, na madereva wa ndani ya mchezo wakampigia honi.

"Wana haraka," alisema. "Hawajui ng'ombe akianguka hainuki."

"Aabo, hakuna ng'ombe nyuma."

"Najua."

Alikuwa akitabasamu. Hakuwa ametabasamu hivyo, mbele ya kitu chochote chenye magurudumu, tangu lori liende. Labda ni tabasamu hilo, labda ni ule mkono kiunoni asubuhi, lakini Fosiya alijikuta amelitoa lile swali la miaka yote, bila kulipanga.

"Aabo, lori uliliuza kwa sababu ya karo yangu?"

Haibe hakuondoa macho barabarani. Alingoja mpaka kona ikaisha.

"Hapana, aabo," alisema, akimwita jina lilelile ambalo Fosiya humwita yeye, kama akina baba wa Kisomali wanavyofanya. "Ni mgongo. Karo yako ilikuwa tayari."