Konsoli Kutoka Ughaibuni

Gari langu la umeme ni la toleo la zamani, la wakati ule watengenezaji wenyewe walikuwa bado wanakisia. Linakwenda bila kelele, halinidai petroli, na kwa kazi yangu ya kupeleka vyakula vya oda kutoka Kisauni hadi maofisi ya Nyali, linanitosha. Kasoro yake ilikuwa moja tu na ilinitia wazimu. Katikati ya viti viwili vya mbele palikuwa na kisahani cha plastiki, kifupi, hakina kimo wala kifuniko. Simu ukiiweka hapo huruka kwenye tuta la kwanza ikazama chini ya kiti. Chupa ya chai hulala. Na kiwiko changu hakikuwa na pa kukaa. Kwenye foleni ya kuelekea daraja la Nyali mkono wa kushoto ulikuwa ukining'inia mpaka bega likawaka moto.

Nilimwambia mume wangu haya kwenye simu, wala sikuwa naomba kitu. Nilikuwa nalalamika tu, kama mke anavyomlalamikia mumewe anapoingia ndani jioni. Ila wangu haingii ndani. Yuko Ughaibuni, mwaka wa tisa sasa, katika yadi ya kuvunja magari yaliyopata ajali na kuyatoa vipuri. Katika miaka hiyo amekuja nyumbani mara moja, wiki tatu, kabla sijalinunua gari hili. Hajawahi hata kulikalia.

"Nimekusikia," alisema.

Nikajua. Mume wangu akisema amenisikia, kuna kitu kitatumwa. Nilisema nyumba ina joto, ikaja feni ya kurusha mvuke wa maji. Nilisema macho yananiuma nikishona, ikaja taa yenye shingo ya kupinda. Siku niliyomwambia nimechoka kulala peke yangu, likaja blanketi zito la manyoya, Mombasa hii, mwezi wa Februari. Nilicheka mpaka nikalia. Jirani yangu alipoliona alisema fimbo ya mbali haiui nyoka, nami nikamwambia akae na nyoka wake, mimi nina blanketi.

Lakini mwaka huu alikuwa ameniahidi mwenyewe, bila kusukumwa. "Idi hii nitakuya, inshallah. Nimeomba ruhusa na tajiri hakukataa." Hakukataa si sawa na kukubali, najua hivyo, lakini nililishika neno hilo nikalala nalo. Nilianza hata kuchagua njia nitakayompitisha siku nitakayomchukua uwanja wa ndege, mimi nikiendesha, yeye kando yangu akishangaa gari lisilonguruma.

Wiki mbili baadaye alinitumia picha. Katika yadi yao kulikuwa kumeingia gari kama langu, toleo jipya, limegongwa nyuma, mbele zima. Picha yenyewe ilikuwa ya karibu sana, ya konsoli peke yake, yaani lile sanduku refu linalokaa kati ya viti. Nyeusi, yenye matundu mawili ya vikombe, tundu la kuchajia simu, sanduku la kufunika, na juu ya kifuniko mto wa ngozi wa kuegesha kiwiko.

"Nimeketi mwenyewe kiti cha dereva," alisema. "Nikaegesha kiwiko, nikajifanya mimi ndiye wewe. Wallahi utastarehe."

Maneno hayo nilitembea nayo siku nyingi. Mwanamume mzima, mafuta hadi viwikoni, amekaa ndani ya gari lililovunjika kwenye jua la kule, anajifanya mimi. Nilikuwa nakanda unga wa mahamri na mara najikuta nimesimama, mikono ndani ya sinia, nimesahau ninachofanya. Ningeambiwa nichague kati ya konsoli na dakika moja ya kumwona akijifanya mimi, ningeichagua dakika.

Ilikuja kwa meli, pamoja na mizigo ya watu wengine, imefungwa kwa kikoi chake cha zamani. Nilikinusa kikoi. Kilinuka kontena. Idi ilikuwa imebaki majuma matatu, nami sikufurahi, kwa sababu miaka tisa imenifunza jambo moja: kitu kikija, mtu haji.

Nikaipeleka kwa fundi wangu wa Frere Town, mzaliwa wa Kaloleni, mtu mpole anayesema na gari kama anayembembeleza mbuzi. Aliipima konsoli kwa kamba, akalipima gari, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sakafu hawakuibadilisha sana, mama. Itaingia. Tutakata kidogo tu."

Kwanza alichomoa waya wa betri ndogo, akaniambia tunywe chai umeme utulie. Gari la umeme halitaki haraka, alisema, na zile nyaya za rangi ya machungwa huko chini hata yeye hazigusi. Kisha akang'oa kile kisahani cha zamani. Chini yake tulikuta iliki tatu, hereni yangu niliyoililia mwaka mzima, na sarafu ya Kijapani yenye tundu katikati. Fundi alinipa sarafu. Nilijiuliza kama mwenye gari wa kwanza, huko Japani, naye aliumwa na bega.

Konsoli mpya iligoma pale mbele, ulimi wake ulikutana na dashibodi. Fundi akaukata kwa msumeno mdogo, akalainisha kwa msasa. Huku nyuma matundu ya boliti hayakulingana, akachonga vipande viwili vya bati nene kuwa vishikio. Umeme wa tundu la kuchajia aliuvuta kutoka soketi ya kiberiti cha sigara. Nilichomeka simu, ikalia, tukagonga viganja kama watu walioshinda mechi. Ilibaki kukaza tu.

Ndipo fundi alipokaa kwenye kiti cha dereva, akaweka kiwiko. Akatoka, akazunguka, akakaa kiti cha kushoto. Akaweka kiwiko tena. Akatoka huko nako.

"Mama, hebu ingia ujaribu."

Nikaingia kwenye usukani. Kiwiko changu kiliangukia ukingo mgumu wa plastiki. Mto wa ngozi ulikuwa umesogezwa kule, kwa abiria, na kifuniko nacho kilifunguka kumkabili yeye, kikinigeuzia mimi mgongo. Matundu ya vikombe yalikuwa mbali nami, lazima nijipinde.

"Huko ilikotoka," fundi alisema taratibu, akiangalia spana yake, "usukani uko kushoto."

Nilikuwa namwona mume wangu kwenye kile kiti cha dereva, amekaa upande wa kushoto, ameegesha kiwiko cha kulia, anajifanya mimi. Alinipima sawasawa. Alinipima kwa mke anayeendesha gari huko aliko yeye. Mtu huyu amekulia Kisauni, amejifunzia gari barabara hii ya Malindi, na haikumjia hata kidogo kwamba huku tunakaa kulia. Sikuwa na hasira naye. Niliogopa. Niliogopa kama mtu anayepiga hodi kwake na kusikia ndani sauti asiyoijua.

"Naweza kukirudisha kile cha zamani," fundi alisema. "Au nitafute ya upande wetu. Hii nikiigeuza itaharibika."

"Ikaze hivyo hivyo."

"Kiwiko kitaumia, mama."

"Kiwiko ni changu, fundi. Kaza."

Akakaza. Nikamshukuru, nikaliendesha gari hadi nje ya nyumba yangu, nikaliegesha, na kabla sijashuka simu ikaita. Mume wangu alikuwa kwenye mapumziko ya alasiri, anataka kuona kazi yake. Nilikuwa nimejiandaa. Ulimi wangu ni mwepesi na maneno yalikuwa tayari: kwanza nimcheke kuhusu konsoli, halafu, akiwa amelegea kwa kucheka, nimuulize amekata tiketi au hajakata. Niliisimamisha simu juu ya dashibodi, uso wake ukajaa kioo. Amezidi mvi kidevuni. Nilimpenda, basi, nikasahau mstari wangu wa kwanza.

"Geuza kidogo niione," alisema. Nikaigeuza simu, akaona konsoli nzima, akaachia "Mashallah!" ya nguvu hata mwenzake wa nyuma akageuka. Nikairudisha simu inielekee usoni. Akanitazama, akakunja kipaji.

"Sasa mbona waketi kiti cha abiria? Hamia kwenye usukani nikuone."

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeushika usukani, chini kidogo ya pale kamera inapoishia.

Ningeweza kuuinua. Jambo lenyewe lingekwisha kwa kicheko, angejipiga kofi la paji la uso, angesema miaka, mke wangu, miaka. Nilimtazama jinsi alivyokuwa ameusogeza uso kwenye simu, anangoja, na sikuweza kuwa mimi wa kumwambia amekwenda mbali kiasi gani.

"Subiri," nikamwambia.

Nikaichukua simu, nikashuka, nikakusanya buibui langu, nikazunguka gari, nikafungua mlango wa kushoto, nikakaa. Nikaisimamisha simu tena mbele yangu.

"Eeh! Hapo ndipo. Weka mkono."

Nikaweka kiwiko cha kulia juu ya mto wa ngozi. Kilikaa kama kilichozaliwa pale. Bega zima likatulia, na kando yangu kiti cha dereva kilikuwa kitupu.

"Wastarehe?"

"Nastarehe, mume wangu."

"Nilikwambia. Sasa endesha nione," akasema, anacheka, ameyasahau magari yote ya yadi yake.

Mbele yangu palikuwa na kijaluba cha kuwekea karatasi za gari na kipande cha dashibodi tupu. Nikainua mikono miwili, nikaishika hewa mahali usukani ungekuwa, nikaizungusha kidogo kulia, kidogo kushoto. Mtu aliyepita na ndoo ya maji alisimama akanitazama, kisha akaenda zake.

"Wanipeleka wapi?" mume wangu aliuliza.

"Nyumbani," nikamwambia.

Akacheka sana. Kisha nikasikia mtu akimwita kwa Kiarabu, akasema mapumziko yamekwisha, tutaongea kesho, inshallah, na akakata simu kabla sijateremsha mikono.