Mama na Mwana Kwenye Kituo cha Treni

Ijumaa asubuhi, nilipokuwa nikingoja treni kituoni Germantown, Marekani, mama mmoja Mkenya alikuwa akimsindikiza mwanawe aliyefungwa kwa dawa za kulevya. Kijana alikuwa amepewa ruhusa ya siku tatu nyumbani, na akichelewa kurudi gerezani hapati nyingine.

Mwana akamrudisha mama hadi garini. Mama naye akamrudisha mwana hadi kwenye reli. Mara tatu!

"Mum, treni inakuja!"

"Mgeni haachwi mlangoni, baba."

"Kwani mimi ni mgeni?"

"Ukirudi kabisa, utaacha kuwa mgeni."

Nikakumbuka kwetu, tulivyosindikizana na rafiki huku na huku hadi giza likatukuta njiani. Siku hizi mimi husindikizwa na mlango wa gereji.

Treni ikafika. Mama akapanda naye, na ndara zake miguuni. Mimi mwenye tiketi nikaachwa nimesimama, nikiwapungia mkono.